Jumapili Tuliyobeba Mashine

Mpendwa Yaya Solange,

Nimekasirika nawe, na nimeona heri nikasirike kwa maandishi, maana kwenye simu unanishinda kwa kicheko. Barua hii nimeiacha wazi, isomwe na yeyote, hasa hawa wasichana wanaokuja kushonesha sare hapa kwangu Biharwe. Hawajui kwamba kwetu Kivu dada mkubwa tunamwita yaya, wala hawajui wewe ni nani. Wasome. Ukiona haya, shauri yako.

Juzi ulinisimulia kwamba shule ya Aline huko mliko iliwataka watoto waje wamevaa kama mashujaa wa sinema. Mtoto akachagua mwanamke mmoja wa filamu anayesimamisha treni kwa kiganja, akakuuliza kama wanawake wa namna hiyo wapo kweli. Nawe ukamjibu: "Hao ni ba sinema tu. Sisi tulikuwaka batu ba kusaidiwa." Ukanieleza huku unacheka. Mimi sikucheka. Nilipokata simu niliosha vyombo vyote vya nyumbani, hata vilivyokuwa safi, naongea peke yangu. Mtoto uliyemzaa wewe ni wangu pia, na sitaki mwanangu adanganywe.

Tulisaidiwa, ndiyo. Tulipewa turubai, blanketi, mahindi, mafuta ya kupikia, na waliotupa Mungu awazidishie. Lakini umesahau yote mengine, Yaya, au unajisahaulisha? Wacha nikukumbushe mimi.

Tuanze na siku ile ya mvua pale kambini Nakivale. Tulikuwa tumetoka kupokea mgao, wewe, mimi na mama, pamoja na kina mama wengine wa kijiji chetu, kila mmoja na gunia lake. Mvua ikatukuta mbele ya kibanda cha video. Kwa kawaida mama asingekanyaga mle, alisema ni mahali pa wavuta bangi. Lakini mahindi yakilowa yanaharibika, kwa hiyo tuliingia sote, watu na magunia, tukabanana nyuma ya vijana waliokuwa wanatazama filamu. Kwenye skrini palikuwa na mwanamke mwenye nguvu za ajabu. Amefunga utepe mpana kwenye paji la uso, ameingia chini ya lori, analiinua. Yule kijana wa kutafsiri filamu kwa kipaza sauti alikuwa anapiga kelele kwamba huyo ndiye stelingi, na stelingi hafi.

Watu wote macho yamewatoka. Ndipo mama akasema kwa sauti ya sokoni: "Ule mumama amefunga mugozi mubaya. Ikishuka ku macho vile, itamuvunja shingo."

Kibanda kizima kikageuka nyuma. Mama hakuwa anatania hata kidogo. Aliona mwanamke mwenye mkanda kichwani na mzigo mzito, akajua moja kwa moja kwamba ni mwanamke wa kwetu, yuko kazini. Kule Bukavu, kabla vita havijatutoa, mama alibeba mizigo ya watu kutoka ziwani hadi sokoni, mkaa, unga, chumvi, vyote mgongoni, vikishikiliwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso. Huo ndio mugozi. Mama Byamungu, mwenzake wa kazi hiyohiyo tangu kule, akamuunga mkono: "Na magoti! Angalia, hajakunja magoti. Nani alimufundisha?"

Wakaendelea kumkosoa stelingi wa watu mpaka yule mtafsiri akaacha filamu, akaanza kutangaza maneno yao kwenye kipaza sauti. Vijana walicheka hadi machozi. Mimi pia nusu nianguke. Wewe ulivuta kitambaa chako kikafunika uso mzima.

Sikulaumu. Ulikuwa na miaka kumi na saba na paji la uso laini ulilolipaka mafuta kila asubuhi, ukijiangalia kwenye kipande chetu cha kioo. Mama ana alama iliyobonyea hapa juu, pale mkanda ulipolala miaka yote ile, na watu wa sokoni Mbarara walikuwa wanamuuliza ni nani alimpiga. Ulishaapa kwamba alama hiyo hutaipata. Na mama alishaapa kabla yako. Akitusuka nywele alirudia kila mara: "Mugozi itaishia ku kichwa yangu. Bana bangu habatabeba." Nyinyi wawili mligombana kwa chumvi, kwa wavulana, kwa saa ya kuamka, kwa kila kitu. Kwa hilo tu hamkugombana.

Sasa mashine. Mweleze Aline tulivyokula, maana yeye anaona unga ndani ya pakiti. Mgao ulikuwa mahindi makavu, na mashine ya kusaga ilikuwa mbali, nyuma ya kilima. Unatoka asubuhi na gunia, unapanga mstari, mwenye mashine anakata fungu lake, unarudi giza linaingia. Na msichana akirudi giza linaingia kwenye njia ile, mama yake hakai chini. Aliyeshindwa kwenda alichemsha mahindi mazima, watoto wadogo wakashinda wanalia matumbo. Kina mama wa kijiji, wa Kivu na wa Burundi, wakachoka. Wakalima shamba la pamoja la maharage, na mavuno ya misimu kadhaa hayakuliwa. Yaligeuka mashine iliyotumika, kutoka kwa Hajati wa Mbarara.

Hajati naye nataka Aline amjue. Alirithi duka la vipuri la marehemu mumewe, na watu walimpa mwaka mmoja atakuwa amelifunga. Alilikuza mpaka mafundi wa mji mzima wakawa wanamwita bosi. Alipowaona kina mama wa kambini wameingia dukani na kandambili zao kuulizia mashine, hakuwauliza wametumwa na nani. Aliwaagizia chai.

Kiwanja kilikuwa kando ya barabara, na mfanyabiashara mmoja naye alikitaka kwa ajili ya ghala. Ofisi ya kambi ikaamua bila upendeleo: atakayekuwa na kitu kimesimama pale Jumatatu, kiwanja ni chake. Sisi tulishamwaga zege la sakafu. Mashine ilikuwa inafika Jumamosi. Tulishaona tumeshinda, tukaanza kugombania nani atasaga wa kwanza.

Jumamosi hiyo mvua ilinyesha kama ina kisasi. Lori likakwama bondeni, pale barabara inapokatiza kinamasi, likazama mpaka ekseli. Dereva akasema tungoje njia ikauke, labda wiki nzima. Wanaume wengi wa kijiji walikuwa Ngarama kwenye vibarua vya kuvuna. Waliobaki walishuka kutazama, wakatikisa vichwa, wakasema hiyo ni kazi ya trekta. Trekta yenyewe hakuna aliyejua itatoka wapi. Unakumbuka jinsi nyumba zilivyonyamaza jioni ile? Kiwanja kikienda, maharage ya misimu yote yale yamekwenda, na mashine itakaa wapi?

Jumapili tulipotoka kanisani, mama hakupitia nyumbani kubadilisha nguo. Alishuka bondeni na kitenge chake cha kanisa, kile cha ndege wa njano, na kina mama wakamfuata wamependeza hivyohivyo. Hajati tulimkuta ndani ya lori. Alikuwa amekuja kuona mashine inafungwa, na tangu jana alikuwa amekataa kuondoka.

"Banange, mimi nimeuza mashini, sijauza matope," alisema. "Nitarudi Mbarara nikiona inasaga."

Mama akaizunguka ile mashine, akaigonga hapa na pale kwa kidole. Akauliza: "Inafungukaka?"

"Inafunguka yote, mama. Lakini nani atabeba?"

"Sisi."

Hajati alimtazama mama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi miguu. Halafu akamgeukia fundi wake: "Umesikia? Fungua."

Yaya, sijawahi kuona tena kitu kama kile. Kina mama wa Burundi walijitwika kichwani: tangi, bomba la moshi, vyuma vya kinu. Wewe na mimi na wasichana wenzetu tulipewa belti na machujio. Mwili wa injini ulining'inizwa kwenye miti ya mikaratusi, ukabebwa mabegani kama anavyobebwa mgonjwa kwenye kipoyi, kundi moja likichoka jingine linapokea, na wote wanaimba nyimbo za kanisani maana ndizo zilizokuwa bado mdomoni. Hajati alivua viatu, akafunga gauni lake kiunoni, akajitwisha sanduku la spana. Dereva alibaki amekaa kwenye ngazi ya lori lake, mdomo wazi.

Yakabaki magurudumu mawili ya chuma, yale mazito yanayoizungusha injini. Kichwani hayakai. Na njia iliyokuwa bado inapitika ilikuwa ya mtu mmoja mmoja, watu wanne hawawezi kushika pamoja. Ule ulikuwa mzigo wa mgongo, mzigo wa mugozi, na wenye kuujua walikuwa wawili tu. Mama alipitisha mkanda kwenye nafasi za gurudumu la kwanza, akaweka gunia mgongoni lisimchubue, akainama, akasimama nalo. Mama Byamungu akasimama na la pili.

Hatujafika mbali, Mama Byamungu akateleza. Mguu ulijikunja vibaya na hakuweza kuukanyaga. Tulimkalisha kwenye nyasi, na gurudumu likabaki kwenye matope, mkanda wake juu yake. Wengine walishatangulia na mizigo yao. Waliokuwa karibu waliliangalia lile gurudumu, wakaangaliana. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka.

Wewe uliweka belti chini. Ulivua kitambaa cha kichwa, ukakikunja, ukakiweka mgongoni ndani ya blauzi. Ukachuchumaa na kuanza kuufunga mkanda wa Mama Byamungu kichwani mwako.

Mama alikuwa mbele, ameegemeza mzigo wake kwenye ukingo wa udongo ili apumzike. Akageuka akakuona. Alijichomoa kwenye mkanda akarudi mbio, mama wa umri ule, kwenye matope yale.

"Solange, achia iyo kitu."

"Nani atabeba?"

"Itabakia. Batailetaka kesho."

"Kesho ni Jumatatu, mama."

"Nilisema nini? Bana bangu habatabeba! Nilisema!"

"Ulisema. Mi sijakatala ile ulisema. Lakini nitabeba."

Ulikuwa umeinama, kwa hiyo hukuona. Mimi niliona. Mama alilia, Yaya. Alilia wazi mbele ya watu, yeye ambaye tulipovuka mpaka na tulipowazika watu wetu hakutoa chozi mbele yetu. Kisha akapangusa uso kwa kiwiko, akapiga magoti na kitenge cha kanisa, akashika mkanda uliokuwa umekushukia kwenye nyusi, akaupandisha kwa vidole gumba viwili mpaka pale nywele zinapoanzia.

"Apa," akasema. "Si ku macho. Kunja magoti. Usibebe na shingo, beba na miguu. Na usigeuke nyuma. Mi niko mbele yako."

Ukasimama. Uliyumba, nikadhani unarudi chini, lakini ulisimama. Mama akarudi kwenye gurudumu lake, tukamsaidia kulipata mgongoni, na mkaanza kupanda kilima, yeye mbele, wewe nyuma, nami nyuma yako nikibeba belti zangu na zako. Sijui kama unajua ulichokuwa unafanya njia nzima. Ulikuwa unautukana mlima kwa Kifaransa! Matusi yote ya shuleni, moja baada ya jingine, polepole, maana ulijua mama haelewi. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Moyo ulinijaa mpaka nikaona kifua hakitoshi, na nilitaka dunia nzima itoke nyumbani ije ione dada yangu anapita.

Na kweli walitoka. Tulipofika kijijini watu walisimama pande zote mbili za njia, na wale wanaume waliotikisa vichwa jana walikuja kupokea, tukawaambia wasubiri, waliobeba wafikishe wenyewe. Ulipolitua gurudumu kwenye zege, paji lako la uso lilikuwa jekundu, na shingo huwezi kuigeuza. Mama Byamungu, aliyekuja mwisho kwa kubebwa na bodaboda iliyozunguka njia ndefu, alikupiga mgongoni akasema: "Na huyu kumbe ni wetu."

Jumatatu fundi alifunga boliti ya mwisho jua limeshapanda. Mama ndiye aliyezungusha hendeli. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza. Akazungusha tena. Ikakohoa. Hajati akapaza sauti: "Usiihurumie!" Mama akaizungusha kwa hasira zote za miaka yote, na ikawaka, Yaya, ikawaka, na kelele ile ilikuwa tamu kuliko kwaya yoyote. Kina mama waliruka, walipiga vigelegele, Hajati alikumbatiana na mtu yeyote aliyekuwa karibu. Unga wa kwanza ulitoka wa moto. Tuliulamba mikononi.

Ofisa wa kambi alifika katikati ya shamrashamra hizo, na faili kwapani. Aliangalia zege, akaangalia mashine, ikabidi apige kelele ili asikike: "Hii mashini iko ya nani?"

Macho yake yalikuwa kwa fundi, kwa kuwa alikuwa mwanamume pekee ndani. Fundi akatuelekeza kwa kidevu. Ofisa akageuka, kalamu tayari, anasubiri jina. Nasi hatukuwa tumepanga jibu. Tulilima, tulibeba, lakini swali hilo hakuna aliyelifikiria.

Mama akasema: "Ni yangu."

Ofisa kabla hajaandika, Mama Byamungu kutoka kwenye kigoda chake, mguu umevimba: "Ni yangu."

Mama mmoja wa Burundi: "Ni yangu." Na mwingine. Na mwingine, mpaka mwisho wa chumba na nje kwenye mstari wa kusaga. Nawe, na shingo yako isiyogeuka na paji lako jekundu, ulitoka mbele ukamtazama usoni, ukasema kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwako: "Ni yangu."

Hajati akacheka hadi akashika ukuta. "Mimi nimeshauza," akasema, "si yangu tena."

Na ofisa naye akacheka. Akafunga faili lake. "Kale, sawa, wamama. Kiwanja iko yenu."

Ndiyo hiyo, Yaya. Sijaongeza chumvi, na kama nimeongeza ni kidogo. Kwa hiyo ukimwambia mwanangu kwamba sisi tulikuwa watu wa kusaidiwa, malizia na habari yenyewe. Wanawake wa namna hiyo wapo. Nimekaa nao. Mmoja anauza vipuri Mbarara na bado anawafokea mafundi. Mmoja yuko Nakivale, amezeeka, na kila siku anakwenda kusimama mlangoni pa mashine kuhakikisha wajane hawaruki mstari wala hawarukwi. Na mmoja yuko nchi ya baridi, anainua wazee wa watu kitandani asubuhi na kuwalaza jioni, halafu ananipigia simu kuniambia kazi yake ni ndogo. Huyo wa mwisho ananichosha. Ninamjivunia mpaka wateja wangu wamechoka kusikia, na yeye mwenyewe ndiye hataki kusikia.

Basi sikiliza hili la mwisho, hukuwahi kuambiwa. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona mama, nikapita kwenye mashine. Anayeiendesha siku hizi ni msichana aliyekuja kijijini baada ya wewe kuondoka. Palikuwa na fundi mgeni, amekuja kufanya matengenezo, na nikamsikia yule msichana akimwelekeza: "Anza kufungua Solange. Mama Solange inakazaka, iache ya mwisho." Nikashtuka. Kumbe magurudumu yale yana majina, kila mtu pale anayataja hivyo, la mama na la kwako.

Nikamuuliza kama anajua Solange ni nani. Akaniambia anajua, walimsimulia: ni mwanamke wa zamani sana, mrefu kupita mlango, aliyelibeba gurudumu lile peke yake kutoka bondeni. Nikatoa simu, nikamwonyesha ile picha yako ya majuzi, wewe na sare yako ya kazi na miguu yako myembamba, umesimama kwenye theluji.

Aliishika simu kwa mikono miwili. Akaniangalia, akaiangalia tena.

"Huyu?" akasema. "Mudogo hivi?"

Nikamwambia: "Huyuhuyu."

Mbusu Aline mashavu yote mawili. Kula vizuri, vaa soksi, na simu yangu ikilia usicheke kabla sijaanza kuongea.

Mdogo wako anayekupenda,
Odeta
Biharwe, Mbarara